Mwongozo Usio na Nusu

Wanafunzi walimwita Mwalimu Nusu, na hawakumsingizia. Shule nzima ndiye peke yake aliyetoa nusu alama bila kuombwa. Ukiandika mstari mmoja wa maana kisha ukapotea njia, walimu wengine wanakuchorea kosa jekundu la kukata ukurasa mzima na kwenda zao. Yeye alikusoma mpaka pale ulipopotelea, akaweka vema ndogo, akaandika nusu pembeni, na chini yake maneno mawili matatu: mpaka hapa uko sawa, rudia kuanzia hapa. Madaftari yalitoka kwake yana wino mwingi kuliko yalivyoingia.

Lakini msimdhanie mpole. Hasira alikuwa nazo, tena za karibu. Kulikuwa na jambo moja la darasani lililompandisha mori kila siku, nalo ni ule uitikiaji. Mwalimu anauliza, "Tumeelewa?" na darasa zima linajibu ndiyoo kwa sauti moja ndefu, wakiwemo waliolala. Miaka yake ya mwanzo na yeye aliuliza hivyo hivyo, akaitikiwa hivyo hivyo, akatoka kifua mbele. Kisha anakusanya madaftari, anakuta wengi hawakuambulia kitu. Siku moja akaacha kuuliza. Akawa anachagua mmoja, hasa yule anayejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake, anamsogelea na chaki mkononi na kumwambia aeleze amefikaje hapo alipofika. Jibu, alikuwa akisema, hata kasuku analishika. Nionyeshe njia uliyopita. Walimu wenzake walisema anachelewesha masomo, na kweli alikuwa anayachelewesha.

Kuhusu alama alikuwa na msimamo wake, na hakuchoka kuuhubiri chai ikiwa mkononi. Sifuri ni tusi, alisema. Ukimpa mtoto sifuri unamwambia kwamba hayupo mahali popote, na hakuna mtoto wa namna hiyo duniani. Kila mmoja yuko mahali fulani kati ya kutojua na kujua, na kazi ya mwalimu ni kupaona hapo alipo. Mtihani ni tochi tu ya kummulikia. Wenzake walimwacha amalize, kisha mmoja anamuuliza kama hiyo chai nayo amimine nusu, na ofisi ya walimu inaangua kicheko. Alikuwa amezoea, au alijidai amezoea.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa na binti wa huyo dada. Dada alikuwa mshonaji. Ndiye aliyemlea Nusu walipobaki wawili tu, akamsomesha kwa cherehani ile ile iliyokuwa bado inanguruma chumba cha mbele, yenye gurudumu la chuma na kanyagio lililolika upande mmoja. Baba wa binti alishajiendea zake siku nyingi, wala habari zake haziulizwi. Binti alikuwa darasa la mwisho, kwenye shule ile ile anayofundisha mjomba wake. Akiingia getini anamwita mwalimu, akitoka anamwita mjomba, na hakuwahi kuchanganya hata mara moja.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Macho ya dada yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Uzi ulikuwa hauingii kwenye sindano mpaka amwite mtu. Mwanzoni mwa mwaka alimketisha mdogo wake akamwambia waziwazi, bila kupindisha maneno, kwamba mwaka huu ataumaliza akijikongoja, lakini mwingine hauwezi. Binti afanye mtihani mkuu mwaka huu, apate cheti hata kama ni cha chini, aombe chuo cha uuguzi alichokuwa akikiota tangu mdogo. Akikwama, akaambiwa arudie darasa, basi, safari imeishia hapo. Atakaa kwenye cherehani waendeshe maisha. Nusu akamwambia aondoe shaka, binti hesabu anazijua. Aliamini alichokisema.

Na kweli binti alizijua. Tatizo lake lilikuwa moja, na ukilisikia unaweza kucheka. Anaanza swali vizuri, anapanga hatua zake moja baada ya nyingine kwa mwandiko wa kupendeza, nne zake zimefungwa juu kama kihema, anafika mstari mmoja kabla ya jibu, anaweka kalamu chini. Jibu haandiki. Huko madarasa ya chini alipitia mikononi mwa mwalimu aliyekuwa na mtindo wake: aliyeandika jibu lisilo sahihi anapanda juu ya dawati, darasa linamwimbia wimbo wa mjinga. Mwalimu yule hatua za kazi hakuziangalia kabisa, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kile kilichopigiwa mistari miwili chini. Binti alipandishwa juu ya dawati mara nyingi mno, mpaka mkono wake ukajifunza kwamba kisichoandikwa hakichekwi.

Mjomba alihangaika naye. Jioni, dada akipumzika, walisogeza vitambaa na mikasi, wakakaa kwenye kona ya meza ya kukatia na daftari lao. Binti akifika pale pake, anasimama. Mjomba anamuuliza, "Na jibu?" Naye analitaja kwa mdomo, polepole, bila kukosea. Basi moyo wa mjomba unafurahi, anampa alama zake, siku nyingine anampa zote, na kumwambia maneno ambayo baadaye alitamani angeyameza: aandike anachokijua, woga ukimshika aachie hapo hapo, asibuni, maana anayesahihisha ataona amefika wapi. Huo ndio uliokuwa mpango wake wa kumtoa woga kidogo kidogo. Alidhani siku moja jibu litateremka lenyewe mpaka kwenye karatasi. Kwa hiyo hata darasani binti akawa anapita kwa nusu na robo tatu, alama zake zikawa zinatosha, na hakuna aliyeshtuka.

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya, na neno lake moja mdomoni asubuhi mpaka jioni: wastani. Wastani wa shule umeshuka, wastani wa jirani umepanda, wazazi siku hizi wanatazama wastani. Akaleta mchujo. Kabla ya darasa la mwisho kusajiliwa kwa mtihani mkuu, watoto wote wafanye mtihani wa ndani. Atakayeangukia chini ya mstari hasajiliwi, anarudia. Na karatasi zisahihishwe kwa mkanda. Mkanda ni hivi: walimu wanakaa kwenye meza moja ndefu, kila mmoja na swali lake, na karatasi zinapita mkono kwa mkono mpaka mwisho wa meza. Zina namba tu, hazina majina. Hakuna mwalimu anayemwona mtoto mzima. Mmoja anaona mguu, mwingine anaona sikio, na mwisho mtu anajumlisha.

Kwenye kikao alichotangazia hayo, mwalimu wa taaluma, mama mmoja mkavu asiyepoteza neno, alifungua alama za mwaka mzima mbele yake. Akasema somo la hesabu lina alama za huruma. Hakumtaja mtu, wala hakuwa na haja, shingo zote ziligeuka. Akaendelea kwamba kwenye darasa la mwisho wapo watoto wanaobebwa mgongoni, na siku ya mtihani mkuu huo mgongo hautakuwepo. Mtu mmoja akachekea puani. Mwalimu mkuu akauliza, kwa upole uliouma kuliko makelele, kama mwalimu wa hesabu ana la kusema.

Alikuwa nalo. Alikuwa na yale yote ya tochi na ya mahali mtoto aliposimama, tena safari hii wangemsikiliza, maana walikuwa kimya. Lakini miaka yote ya kutaniwa ikampanda kichwani kwa pamoja. Akasimama akasema jambo jingine kabisa. Akasema mwongozo wa kusahihishia hesabu atauandika yeye mwenyewe, na nusu hawataiona humo hata wakiitafuta kwa taa. Jibu sahihi lililoandikwa, alama zote. Bila jibu, sifuri. Ofisi ikapiga makofi. Mwalimu wa fizikia akamgonga bega na kumwambia leo amezaliwa upya. Kwa mara ya kwanza alitoka ofisini humo bila kusindikizwa na utani wa mtu, akatembea mpaka nyumbani akijiona mrefu. Walimvisha kilemba cha ukoka, naye bwana mkubwa akakivaa na kukinyoosha.

Kwamba amejipalia makaa alikuja kulifahamu kesho yake, alipokaa kuuandika huo mwongozo. Swali la kwanza likapita, la pili, la tatu. La nne lilikuwa la tangi na mabomba, aina ya swali alilolipenda kuliko yote, kwa sababu mtoto hawezi kulikariri, lazima akae chini afikiri. Hapo kalamu ikasita. Aliona nafasi nyeupe chini ya kazi ya binti kama vile karatasi iko mbele yake. Angeweza kuandika mstari mmoja tu wa ziada, kwamba hatua sahihi zipewe alama zake. Nani angemuua? Lakini aliisikia ofisi nzima ikicheka, alimwona mwalimu wa taaluma akiusoma mstari huo na kuinua nyusi, akauacha mwongozo kama alivyouahidi. Alijiambia kwamba bado siku zipo, atamzoesha binti kuandika jibu.

Jioni ile ile walikaa mezani. Binti akafika pale pake, akasimama. Mjomba akafungua mdomo kumwambia ukweli, akaufunga. Mwongozo ulikuwa siri, na yeye hakuwahi kuvujisha mtihani hata wa robo muhula. Akamwambia kwa sauti ya kawaida, macho yake yakiangalia kitambaa, kwamba siku hizi ajaribu kuandika na jibu. Binti akasema atajaribu. Mjomba hakukazia. Kila alipotaka kukazia aliona kama anaiba, kwa hiyo akabadilisha mazungumzo. Mwaka mzima alimfundisha kwamba hapo ni mahali salama pa kusimama, kisha akadhani neno moja la pembeni litayafuta yote. Mwalimu gani huyo? Lakini ndiye huyo.

Siku ya mkanda waliunganisha meza za maktaba, wakafungua madirisha vumbi litoke, karatasi zikaanza kutembea. Kwa bahati mbaya au nzuri, vikaratasi vya kura vilimwangushia swali la nne. Bomba moja linajaza tangi kwa saa nne, jingine linalijaza kwa saa kumi na mbili. Yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya muda gani?

Mwanzoni kazi ilikwenda haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyomtisha. Hakuwahi kusahihisha namna hiyo. Unaangalia chini ya ukurasa, unaona jibu au hulioni, unaandika, unasukuma. Hatua za mtoto hazikuhusu. Baada ya muda akagundua kwamba macho yake hayapiti tena juu kabisa, yanaruka yenyewe mpaka kwenye mistari miwili. Alama zote. Sifuri. Sifuri. Mwalimu wa fizikia pembeni yake alikuwa anapiga mluzi. Walikuwa wanasifiana kwa kasi, na yeye alisifiwa kuliko wote.

Halafu ikaja karatasi moja yenye nne zilizofungwa juu kama kihema.

Safari hii alisoma. Kwa saa moja bomba la kwanza linajaza robo ya tangi. Kwa saa moja bomba la pili linajaza sehemu moja ya kumi na mbili. Kwa saa moja yote mawili yanajaza sehemu nne za kumi na mbili, yaani theluthi moja. Kazi safi, haina kufutafuta, haina hatua iliyorukwa. Kisha nafasi nyeupe. Theluthi moja kwa saa moja, jamani. Mtoto ambaye hajaanza shule angekuambia tangi zima linataka saa tatu.

Akajikohoza, akasema, "Jamani, hapa kuna mtoto amefika mpaka mlangoni. Kilichobaki ni kutamka tu. Hatuwezi kumpa chochote?"

Meza ilicheka. Mmoja alisema homa ya nusu imerudi, aletewe dawa. Mwalimu wa fizikia akasema hata yeye kwenye swali lake amekutana na wa hivyo wawili watatu, akawapa sifuri zao, maana mwongozo umesema. Mwalimu wa taaluma ndiye hakucheka. Aliweka kalamu chini akaeleza taratibu kwamba karatasi nyingi zimeshapita, na wamo waliopewa sifuri kwa kosa hilo hilo. Je, zirudishwe zote, wapewe wote, au aonewe huruma huyu mmoja tu? Kilichomuuma Nusu ni kwamba mama yule alikuwa na haki. Swali lake lilikuwa na majibu mawili, na moja lilikuwa zuri: turudishe zote. Lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini kulisema kulikuwa ni kukiri mbele ya meza nzima kwamba mwongozo wake ni mbovu, ule ule uliompa makofi. Akachelewa. Mama akamwangalia vizuri.

"Karatasi hiyo ni ya nani, mwalimu?"

Meza nzima ilijua anaishi na nani. Mluzi ulinyamaza.

"Sijui," alisema. "Zina namba."

"Basi fuata mwongozo. Ni wako."

Akaandika sifuri. Ilitoka ya duara kabisa, nzuri, maana mkono ulikuwa umeshazoea. Akaisukuma karatasi kushoto, akapokea nyingine kutoka kulia, na kwa zilizobaki zote hakusoma tena hatua hata moja.

Matokeo yalibandikwa ubaoni, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Jina la binti lilikuwa chini ya mstari. Lilikuwa chini kwa alama chache tu. Alama za swali la mabomba zingemvusha, na nyingine zingebaki. Nusu alisimama pale mpaka wanafunzi wakaanza kumpisha kwa wasiwasi. Alikuwa na vipindi viwili baada ya hapo. Aliingia darasani, akafundisha, na mwisho wa kipindi akajisikia anauliza, "Tumeelewa?" Wakamwitikia ndiyoo. Akashukuru, akatoka.

Alipofika nyumbani cherehani ilikuwa imenyamaza. Binti alishafika, alishasema. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kushonea, mikono mapajani, na binti amekaa sakafuni karibu na kanyagio, bado yuko kwenye sare. Hakuna aliyekuwa analia. Mjomba angeshukuru kama wangelia, maana alikuwa amejiandaa kubembeleza. Akavuta kigoda.

"Mjomba," binti aliuliza, "swali la mabomba alisahihisha nani?"

"Mimi."

Uso wa binti ukachangamka, na hilo ndilo lililomvunja. Akaeleza kwamba alijua tu litaangukia kwake, maana maswali ya namna hiyo ndiyo anayoyapenda, kwa hiyo alianza nalo. Maswali mengine alijikaza akaandika majibu, kama alivyoambiwa, mkono unatetemeka, na mengine akayakosa kwa kutetemeka huko. La mabomba ndilo peke yake alilolifanya kwa raha, kama wapo mezani jioni. Alijua mjomba ataona. Akauliza alimpa ngapi.

"Sifuri," alisema.

Binti hakuelewa. Alimwangalia kama mtu anayengoja mwisho wa utani. Ikabidi aeleze, na kadiri alivyoeleza maneno yalizidi kunuka mdomoni mwake: kwamba mwongozo ulitaka jibu liandikwe, kwamba bila jibu hakuna alama, kwamba sheria ilikuwa moja kwa watoto wote. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Huo mwongozo aliuandika nani?"

"Mimi, dada."

"Saa tatu," binti alisema pale sakafuni, kwa sauti ndogo. "Jibu ni saa tatu."

Nje mtu alipita akiulizia kama suruali yake imekamilika, dada akamwambia arudi kesho. Alipoondoka, Nusu akaanza kusema haraka haraka. Kesho asubuhi atakwenda kwa mwalimu mkuu. Atasema yote: kwamba mwongozo aliuandika kwa hasira, kwamba mwandiko aliutambua, kwamba alipoulizwa alikana. Ataomba karatasi zote zirudishwe mezani, za watoto wote, zisomwe upya hatua kwa hatua. Majina hayajapelekwa kusajiliwa, muda upo. Alivyokuwa anaongea alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Dada alikuwa anatikisa kichwa hata kabla hajamaliza.

"Ukisema ulimjua ukakana, utamwaga unga," alisema. "Na huyu hawatamrudisha. Watasema mwongozo umeandikwa na mjomba mtu, karatasi imesahihishwa na mjomba mtu, sasa mjomba mtu anataka zirudiwe. Watamwita mwizi na yeye."

"Dada, nitajaribu."

"Hutajaribu. Cherehani hii imesomesha watoto wawili. Mmoja alishafika. Siwezi kuwapoteza wote kwa jambo moja, macho yangu ndiyo haya."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Unyamaze, mdogo wangu."

Nusu alimwangalia binti, akitaka angalau yeye apinge, alie, amtukane. Binti aliinuka, akakusanya madaftari yake kwenye kona ya meza, akayaweka juu ya kabati ili vitambaa vipate nafasi. Alifanya hivyo kwa utulivu wa mtu mzima, na Nusu akaona kwamba hapo mezani hawatakaa tena wawili hao na kalamu. Akaenda chumbani kwake, akajilaza na viatu miguuni. Aliapa kwamba dada aseme atakavyosema, yeye kesho atakwenda. Alirudia kiapo hicho mara nyingi mno, na kila alivyokirudia kilizidi kupungua nguvu.

Asubuhi alipotoka alikuta binti amekaa kwenye cherehani. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani. Sketi ya shule ilikuwa imeshafumuliwa pindo na mshono wa kiunoni, vipande vimetandazwa mezani na kupigwa pasi, kwa sababu kitambaa kile kilikuwa bado imara na kulikuwa na mteja anayetaka sare ya mtoto wake mdogo. Dada alikuwa anapima kwa vidole, uso ameusogeza karibu kabisa na nguo. Binti alimtungia mama yake uzi, akaukata kwa meno, akamtakia mjomba kazi njema. Hakukuwa na kejeli katika maneno yake. Afadhali ingekuwemo.

Njia nzima alipanga sentensi yake. Aliifupisha mpaka ikabaki maneno machache yasiyoweza kusahaulika: ile karatasi niliijua. Akifika aiseme hiyo kwanza, kabla ya salamu, mengine yatafuata yenyewe. Maneno ya dada aliyasikia, lakini dada si mwalimu. Kuna watoto wengine chini ya ule mstari, wana mama zao, na wao je? Alipofika uwanjani alikuwa anatembea kwa kasi. Alivuka mstari wa paredi bila kumjibu mtu.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi pamoja na mwalimu wa taaluma. Alipomwona akanyoosha mkono kutoka mbali, akamshika wake kwa mikono yote miwili. Alisema tangu aanze kazi hajaona mwongozo safi kama ule. Hakukuwa na ubishi, hakukuwa na malalamiko, karatasi zimekwisha siku moja, na sasa wastani utasimama wenyewe. Walikuwa wanazungumza, yeye na mwalimu wa taaluma, kwamba muhula ujao masomo yote yafuate mtindo ule ule, na mtu wa kuwaongoza walimu katika kazi hiyo hawamwoni mwingine. Mwalimu wa taaluma, ambaye hajawahi kumsifu mtu, aliitikia kwa kichwa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini iliyokaribia kuwa ya urafiki, kwamba anajua haikuwa rahisi kwake.

Alijua, basi, mama yule. Tangu pale mezani alijua. Nusu alimwangalia, sentensi yake imekaa tayari mdomoni, maneno machache tu, nyuma yao watoto wote wa chini ya mstari. Mkono wake ulikuwa bado umeshikwa. Wenzake wawili watatu walikuwa wamesimama barazani wanamtazama, na hakuna aliyekuwa anacheka.

"Asante, mkuu," alisema.

Kisha akauliza waanze na somo lipi.